UZI: Karo (vigae) zinabanduka, lawama zinaenda kwa karo. Tuongee krepi (plasta ya ukuta), pavema (sakafu) na kole (gundi ya karo)

#1 FundiWaHimbi

Ndugu zangu, salamu kwa wote, wa hapa Goma na wa mbali. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniuma. Familia inajinyima, inanunua karo nzuri za sentimita 60 kwa 60, inaziingiza nyumbani kwa furaha, na mwaka haujaisha pavema inalia tupu ukikanyaga, au karo ya juu ya bomba la duse (bafu la kuogea) inaporomoka usiku watu wamelala. Kisha utasikia: "Karo za siku hizi ni feki." Mara nyingi karo haina kosa lolote. Kosa liko nyuma yake, mahali ambapo hakuna aliyetaka kuweka pesa.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana juu yake: kama mfuko umebana, shusha bei ya karo, usishushe krepi wala kole. Karo ya bei ya kati iliyoshikwa sawasawa itakaa miaka kuliko ya kifahari iliyobandikwa juu ya vumbi.

Tuanze na zile zilizokwisha kuanguka, maana karo iliyobanduka inajieleza yenyewe. Usiitupe. Igeuze, uitazame mgongo kwenye mwanga.

Ukikuta mgongo ni mkavu na safi, na kole yote imebaki ukutani na mistari ya meno ya mwiko bado imesimama wima, ujue kole ilikuwa imeshafanya ngozi. Fundi alipaka ukuta mzima, akaenda kukata karo, akaongea na simu, akarudi kubandika. Kwa macho kole ilionekana mbichi, kumbe juu imekauka. Kole ya kawaida inakupa kama dakika 20 tangu kuipaka, na hizo ni dakika za maabara, hakuna jua wala upepo. Kwenye baraza la Goma lenye upepo wa ziwa zinapungua. Dawa yake ni kidole: gusa kole, kidole kikitoka bila kuchafuka, kwangua hiyo kole uitupe, upake nyingine.

Kama mistari imelazwa vizuri lakini mgongo bado haukushika kitu, tafuta unga mweupe. Karo za gresi (zile ngumu za porcelaini) hutoka kiwandani na unga huo mgongoni, unawekwa ili zisigandamane na roli za tanuri. Ukiuacha, kole inashika unga badala ya karo. Kitambaa chenye maji kinatosha, ni kazi ya sekunde chache kwa kila karo, na mafundi wengi hawaifanyi.

Kama kole imetoka pamoja na karo, na nyuma yake kuna punje za mchanga au kipande kizima cha krepi, basi kole ilifanya kazi yake. Ukuta ndio ulioachia. Na kama nyuma ya kole kuna ngozi nyembamba ya rangi, ya bluu au ya kijani, hakuna haja ya kuuliza: walibandika juu ya rangi ya zamani.

La mwisho ni madonge matano, manne kwenye pembe na moja katikati. Hapo kati ya donge na donge ni hewa tupu. Ukutani, maji ya duse yanaingia humo na kukaa. Kwenye pavema, mguu wa kitanda ukiangukia penye hewa, karo inapasuka hata ingekuwa ya bei gani.

Nitaendelea na ukuta, kisha pavema, kisha kole yenyewe. Ulizeni katikati, msingoje nimalize.

#2 MamaKyeshero

Asante fundi. Mimi nina jikoni na duse, kuta zina rangi ya mafuta tangu tulipohamia. Fundi niliyempata anasema atachimba matundu madogo madogo kwa nyundo, kisha atabandika juu. Anasema wote wanafanya hivyo. Nimkubalie?

#3 FundiWaHimbi

Mama, usimkubalie kwa duse. Matundu yanasaidia pale yalipo tu, kati yake rangi bado ipo, na uzito wa karo unaning'inia kwenye rangi. Fanya hesabu: karo ya gresi ya unene wa milimita 10 ina karibu kilo 23 kwa kila mita mraba. Ukuta wa duse wa mita mraba 8 unabeba zaidi ya kilo 180 za karo pekee, bila kole. Hizo zote unataka zishikwe na rangi iliyopakwa ili kupendeza macho.

Rangi itoke. Kwangua kwa tindo na brosi ya waya, au kama kuna umeme, kwa mashine ya kusaga yenye diski ya kukwangua. Vumbi lake ni baya, wafunike pua na watoto wakae nje. Si lazima kila chembe itoke, lakini krepi ionekane sehemu kubwa, na rangi inayobaki iwe imeng'ang'ania kiasi kwamba tindo inaikosa.

Krepi ikishaonekana, ipime mwenyewe kabla fundi hajafungua mfuko wa kole. Pitisha kiganja: kikitoka cheupe au cheusi kwa vumbi, ukuta huo hauko tayari. Gonga kwa ufunguo, mita kwa mita. Panaposikika uwazi, krepi imeachana na tofali na lazima itolewe. Chora kwa msumari mistari inayokatana kama wavu, ukikandamiza kidogo. Ikimomonyoka na kudondosha mchanga, ni dhaifu. Kisha rusha tone la maji. Likinywewa chini ya dakika moja, ukuta una kiu kali na utanyonya maji ya kole kabla haijashika, kwa hiyo unahitaji primeri (mpako wa kutangulia kole) au kuloweshwa kidogo. Likikaa dakika tano bila kuingia, ukuta umeziba: kuna rangi, mafuta au sima (saruji) iliyosuguliwa mpaka ikawa kioo, na hapo unakwaruza.

Jikoni ongeza kuosha kwa sabuni kali na maji ya moto nyuma ya mahali pa kupikia. Mafuta ya miaka hayaonekani, ila kole inayajua.

Primeri ninayosema ni ile ya lateksi ya ujenzi. Gundi nyeupe ya mbao inayochanganywa na maji haifai hapa, maana unyevu ukirudi nayo inarudi kuwa laini.

#4 KijanaNdosho

Yaya fundi, kwa nini krepi za huku kwetu zinamomonyoka hivyo hata nyumba ni mpya? Tunaweka sima, hatuibi.

#5 FundiWaHimbi

Mdogo wangu, ninaona sababu mbili, na zote ni za hapa hapa kwetu.

Ya kwanza ni mchanga. Mchanga wetu mweusi wa volkano ni mzuri ukiwa safi, lakini mwingi unaoletwa una vumbi laini ndani yake. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, tia mchanga mpaka karibu nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uiache mpaka kesho. Mchanga utatua chini na lile vumbi litakaa juu yake kama tope. Tabaka la tope likiwa nene, mrudishie mwenye gari mchanga wake au uuoshe. Vumbi hilo linazifunika punje, sima inashindwa kuzifikia.

Ya pili ni maji. Mtaa wenu unajua bei ya bidoni ya maji. Krepi inapigwa leo, kesho inatakiwa kunyweshwa, na keshokutwa, na siku kadhaa baada ya hapo. Mwenye nyumba anatazama bidoni zake anasema hayo ni ya kupikia. Sima bila maji haigeuki jiwe, inabaki unga ulioshikana. Heri upige krepi msimu wa mvua na uweke mapipa chini ya paa kuliko kuipiga kiangazi na kuinyima.

Na muda. Krepi mpya uiache walau wiki mbili kabla ya karo. Betoni (zege) mpya siku 28 ndiyo kiwango cha chini, wiki sita ni bora zaidi, maana sima inapokauka inajikunja. Ukibandika mapema, pavema inajikunja na karo hazijikunji, zinainuka katikati ya chumba kama paa la hema. Watu wanasema ni jini. Ni haraka tu.

#6 MasoniMzee_Birere

Nimesoma kwa heshima. Lakini vijana mnawatisha watu na hizo kole zenu za mifuko. Sisi tuliweka karo kwa sima na mchanga, tunaloweka karo kwenye pipa usiku mzima, tunapaka babotini (uji wa sima) mgongoni, tunabandika. Nyumba nilizofanya bado zimesimama, karo hazijatikisika. Kwa nini mtu maskini anunue kole ya bei?

#7 FundiWaHimbi

Mzee wangu, shikamoo. Hukukosea, na nyumba zako zinakushuhudia. Karo mlizokuwa mkiweka zilikuwa fayansi za ukutani na karo za udongo, zinazokunywa maji. Fayansi hunywa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Babotini inaingia kwenye vitundu vyake, sima inaota mizizi humo, na kuloweka kulizizuia zisinyonye maji yote ya sima. Njia yako ilifuata karo yako, ni ya haki kabisa.

Gresi ya leo ni karo nyingine. Inakunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo, yaani karibu si kitu. Hakuna kitundu cha sima kuingia. Ukiiloweka unaongeza utando wa maji mgongoni tu. Ukiipaka babotini, sima tupu inakauka, inajikunja, inaachia. Ndiyo maana tunahitaji kole yenye utomvu wa kiwandani ndani yake: ile haitafuti vitundu, inanata kwenye uso wenyewe.

Kwa hiyo, mwenye fayansi ndogo ukutani jikoni na fundi kama wewe, aendelee na sima na mchanga bila wasiwasi. Na kwenye pavema isiyo sawa, kulaza tabaka nene la sima na mchanga ili kusawazisha bado ni njia nzuri sana. Likauke, kisha gresi ije juu yake kwa kole.

#8 MasoniMzee_Birere

Marahaba. Hapo umesema kitu. Nimewahi kuona gresi inatoka nzima ukutani, babotini imebaki kule kama sahani. Nilidhani fundi alikuwa mvivu.

#9 MamaKyeshero

Sasa fundi, nikifika dukani naambiwa "kole ni kole". Mifuko imeandikwa lugha nisizozijua. Nichague vipi?

#10 FundiWaHimbi

Mama, acha lugha, tafuta herufi. Mifuko mingi inayoingia kwetu inafuata kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 12004, na herufi zake ni zile zile hata mfuko ukiandikwa Kifaransa, Kituruki au Kiarabu.

C maana yake ni kole ya sima, ya unga. C1 ni ya kawaida, inatakiwa kustahimili mvuto wa nyutoni 0.5 kwa kila milimita mraba. C2 ni mara mbili yake, nyutoni 1. Ikifuatwa na T, kole haitelezi ukutani, karo haishuki unapoigeukia nyingine. E ni muda mrefu wa kubandika, dakika 30 badala ya 20. F ni ya kukauka haraka, na hiyo sikushauri kama fundi wako si mwepesi. S1 na S2 ni zinazopinda kidogo bila kukatika.

Fayansi ndogo ndani ya nyumba, ukuta wa krepi nzuri: C1T inatosha, usitupe pesa. Gresi popote: C2. Gresi kubwa ukutani: C2TE. Barazani, juani, ngazi za nje, na nyumba yenye historia ya nyufa: C2TE S1. Hapo ndipo pesa uliyookoa kwa kuchagua karo ya bei ya kati inakwenda.

Ile kole laini ya kwenye ndoo, iliyokwisha kuchanganywa, ina herufi D. Inakauka kwa kutoa maji hewani. Ni sawa kwa fayansi nyepesi kwenye ukuta mkavu. Chini ya gresi kubwa haipati pa kutolea maji. Unaweza kuikuta bado laini wiki nyingi baadaye. Pavema usiiweke kabisa.

Mfuko usio na herufi hata moja, muulize muuzaji. Akishindwa kujibu, nenda duka lingine. Bonyeza mfuko pia: ukisikia mabonge magumu ndani, unyevu umeingia. Na tazama tarehe, kole nyingi zinahesabiwa miezi 12 tangu kutengenezwa, zikikaa mahali pakavu.

Kuhusu wingi: gresi ya 60 kwa 60, mwiko wa meno ya milimita 10, na kupaka kidogo mgongoni, inakula kilo 5 hadi 6 kwa mita mraba. Mfuko wa kilo 25 unafanya mita mraba 4 au 5. Salo (sebule) ya mita mraba 20 inataka mifuko mitano. Fundi akikuambia miwili inatosha, ama ataweka madonge, ama ataongeza sima na mchanga ndani ya kole. Kole iliyoongezwa sima si C2 tena, si kitu kinachojulikana. Mkatalie.

#11 KijanaNdosho

Nyumba yetu ni ya mbao juu ya mawe ya lava, kama nyingi za huku. Mama anataka karo kwenye duse. Inawezekana au tumwambie aache?

#12 FundiWaHimbi

Inawezekana, lakini si kwa kubandika karo kwenye ubao. Ubao unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, karo hazimfuati. Hata kole yenye S2 haiwezi kumfuata ubao wa unene huo msimu kwa msimu.

Kama uwezo upo, pigilia mbao za sima, zile bapa ngumu zinazouzwa kwa ajili ya kuta, kwa skrubu zisizoshika kutu, jointi zake zizibwe kwa utepe wa nyavu na kole, kisha karo. Kama uwezo haupo, tundika karatasi ya lami au plastiki nzito juu ya ubao, juu yake pigilia grilaji (wavu) ya waya, kisha piga krepi kwenye grilaji. Krepi inakuwa na mifupa yake yenyewe na haigusani na ubao. Ubao unacheza nyuma, krepi inatulia.

Kabla ya yote kagua nguzo. Krepi na karo zitaongeza uzito mkubwa, na nyumba ya mbao haikujengwa kwa hesabu hiyo. Ningemshauri mama aweke fayansi nyepesi, na zipande mita moja na nusu au mbili tu sehemu ya kuogea, kwingine apake rangi. Pavema ya duse imwagwe betoni juu ya mawe, itengwe na ukuta wa mbao.

#13 BukavuMlimani

Habari kutoka Bukavu. Sisi shida ni mlima. Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Kadutu, udongo mfinyanzi, na kuna ufa kwenye pavema unaotoka mlangoni mpaka dirishani. Wazee wanasema ulianza tetemeko la Februari 2008, wengine wanasema ni mvua. Nikinunua hiyo S1 itafunika?

#14 FundiWaHimbi

Pole ndugu. Swali lako ni letu pia. Hapa tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na mitetemeko ya siku zilizofuata, nyumba ambazo lava haikuzifikia zilibaki na nyufa, na watu wengi walizifunika kwa karo. Sasa nyufa zinatoka juu.

Jambo la kwanza ni kujua kama ufa uko hai au umekufa. Safisha mahali pawili au patatu juu ya ufa, paka daraja jembamba la jipsi linalovuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, andika tarehe pembeni kwa msumari. Jipsi haipindi hata kidogo. Acha ipite walau mvua za msimu mmoja. Daraja likibaki zima, ufa umekufa. Likikatika, nyumba bado inatembea.

Ufa uliokufa: ufungue kwa tindo upate umbo la V, toa vumbi lote, jaza mota (mchanganyiko wa sima na mchanga) yenye lateksi, na juu yake laza utepe wa kutenganisha au wavu ndani ya tabaka la kole. Kisha endelea na karo kwa S1.

Ufa ulio hai: hakuna kole itakayoushika. Hapa watu wanadanganywa sana. Hizo S1 na S2 zinapimwa maabara kwa kukunja kipande chembamba cha kole: S1 ni kinachopinda milimita 2.5 hadi 5 kabla ya kukatika, S2 ni 5 na kuendelea. Kipimo hicho ni cha kupinda. Hakisemi kwamba ufa ukipanuka milimita tatu chini, karo itatulia juu. Kwenye ufa ulio hai, jointi ya karo ipangwe iangukie juu ya ufa, ijazwe silikoni badala ya sima, ili kila upande uende kivyake. Na pesa yako ya kwanza, ndugu, ningeitia kwenye mifereji ya maji ya mvua na ukuta wa kuzuia udongo upande wa chini. Karo zingoje.

Na kwetu kuna kingine. Pavema nyingi za Goma zimemwagwa juu ya vifusi vya lava nyepesi vilivyotupwa bila kushindiliwa. Mawe hayo yana mapengo, yanakaa taratibu chini ya uzito. Anayejenga sasa ashindilie tabaka kwa tabaka, aweke grilaji ya chuma ndani ya betoni, iwe katikati ya unene, isilale chini kwenye mawe. Na vyumba vikubwa akate jointi ya kupumulia kila mita 8 hadi 10, na milangoni. Kando ya kuta zote aache nafasi ya milimita 5 bila kole wala sima; plinti (ukanda wa karo unaozunguka chini ya kuta) itaifunika.

#15 MkaajiWaLubumbashi

Yaya fundi, huku Lubumbashi lava hatuna, mitetemeko ni michache. Kwetu ni matofali ya kuchoma na joto la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza. Tena chini ya kuta, kama kimo cha goti, panatoka unga mweupe na krepi inadondoka kila mwaka. Fundi mmoja ameniambia niweke karo kimo cha mita moja "kuficha". Unasemaje?

#16 FundiWaHimbi

Papa, usifiche. Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanapotelea hewani kwenye uso wa ukuta na kuacha chumvi hapo. Ukifunga mita moja ya chini kwa karo, maji hayarudi chini, yanapanda mpaka juu ya karo. Mwaka kesho utaona unga kwenye mita moja na nusu, na karo nazo zitasukumwa na chumvi nyuma yake. Kwanza ondoa udongo uliorundikana nje dhidi ya ukuta, pitisha mfereji, angalia kama msingi una plastiki ya kuzuia unyevu. Toa krepi iliyooza mpaka kwenye tofali, kwangua chumvi ikiwa kavu, usiioshe kwa maji maana itarudi ndani. Acha ukuta upumue kiangazi kizima.

Kama una shaka juu ya pavema pia, bandika plastiki ya mita moja kwa moja kwa utepe pande zote nne, ukague kesho yake. Jasho chini ya plastiki maana yake unyevu unapanda.

Kuhusu joto lenu: fanyeni kazi asubuhi na jioni, lowesheni tofali au krepi kisha mngoje maji yaliyosimama yaishe, pakeni eneo la karo mbili tatu tu kwa wakati mmoja, na chagueni kole yenye E.

#17 MasoniMzee_Birere

Ongeza habari ya duse, fundi. Watu wanadhani karo inazuia maji.

#18 FundiWaHimbi

Kweli mzee. Karo inapitisha maji kwenye jointi, na jointi ya sima inanyonya. Kinachozuia maji ni tabaka linalopakwa kabla ya karo: ile mota laini ya kuzuia maji, mipako miwili, ya pili ikivuka ya kwanza, na utepe kwenye pembe zote na kuzunguka bomba. Iache ikauke kama mfuko unavyosema. Mteremko wa pavema uwe sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na utengenezwe kwenye shape (tabaka la sima na mchanga lililo chini ya karo), usijaribu kuutengeneza kwa unene wa kole. Pembe za ukuta na ukuta, ukuta na pavema, zijazwe silikoni. Na kwenye duse kole ifunike mgongo wa karo karibu wote, asilimia 95. Vyumba vikavu 80 inakubalika.

#19 MamaKyeshero

Rangi imeanza kutolewa leo. Swali langu la mwisho: mimi si fundi. Nitajuaje kazi inafanywa sawa kabla sijamalizia malipo?

#20 FundiWaHimbi

Vizuri sana mama. Kubaliana naye alipwe kwa hatua: baada ya ukuta kukaguliwa, baada ya karo, baada ya jointi. Kabla ya kole, weka regla (rula ndefu iliyonyooka) ya mita mbili ukutani pande zote. Ukiona pengo la zaidi ya milimita 3, panyoshwe kwanza, kwa sababu kole si dawa ya ukuta uliopinda.

Siku ya kubandika, simama naye kidogo. Maji yatiwe ndoo kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kisha unga. Ikishachanganywa ikae dakika tano, ikorogwe tena. Ikianza kuwa nzito baadaye inakorogwa tu, hakuna kuongeza maji. Mistari ya mwiko iende upande mmoja, karo isukumwe kukata mistari hiyo ili hewa itoke. Kisha mwambie, kwa heshima, abandue karo moja aliyotoka kuibandika, mtazame mgongo wake pamoja. Ukiwa umejaa kole kutoka pembe hadi pembe, mwache aendelee. Fundi anayejiamini hatakasirika. Mimi mwenyewe nabandua moja kila ukuta na kumwita mwenye nyumba.

Kesho yake gonga zote kwa kifundo cha kidole. Inayolia tupu itolewe wakati huo huo, kabla ya jointi. Jointi zijazwe baada ya saa 24, zisiwe chini ya milimita 2 ukutani na 3 kwenye pavema. Karo zilizogusana hazina pa kupumulia. Kuoga humo mngoje wiki moja.